Gramu Kumi na Tatu kwa Kikombe

Kazini walimwita Mama Gramu, na yeye hakulikataa jina. Mtu aliyesomea lishe miaka mitatu mpaka akapata diploma, anayepima hata chumvi anayotia kwenye mayai, angeitwa nini kingine? Wauguzi wa wodi ya watoto walimtania kwamba mumewe akitaka kukumbatiwa lazima kwanza apande mizani. Alicheka nao, kisha akawauliza mbona mtoto wa kitanda cha tatu hajaandikiwa uzito wa asubuhi.

Kwa hiyo mama yake alipoteleza bafuni, nyonga ikavunjika na baadaye ikaunga vibaya, hakuna aliyebishana juu ya nani atapanga chakula cha mgonjwa. Daktari wa mifupa alikuwa amesema wazi. Nyonga inatengenezeka, ila mwenye nyonga amekonda mno.

"Ana kilo arobaini na moja," alisema. "Nataka arobaini na mbili. Nawapa wiki sita. Akifika, naingia naye chumba cha upasuaji na atatembea. Akishuka, nafasi yake nampa mwingine, yeye anarudi nyuma ya foleni."

"Ujana wangu wote nimeambiwa nipungue," Mama alisema kutoka kwenye kiti cha magurudumu. "Leo ndiyo mnataka ninenepe."

Mama aliishi kwa binti yake wa mwisho, ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Chiriku alishona nguo za watu sebuleni kwake, huku akiongea na cherehani kama hakuna mwingine wa kuongea naye. Mume wake alikuwa mtu wa maneno machache na mgongo imara. Kila asubuhi alimbeba mama mkwe kumpeleka bafuni, akamrudisha, akaenda kwenye vibarua vyake. Hakuna aliyewahi kumwomba afanye hivyo.

Mama hakuwa na meno ya kutafunia, na kitu pekee alichokitamani ni supu. Mama Gramu akaamua basi supu ndiyo itakayompeleka kwenye chumba cha upasuaji. Siku ya kwanza alikuja na mizani yake ya jikoni, akakunja mikono ya gauni, akamsimamisha mdogo wake mbele ya sufuria.

"Nusu kilo ya nyama, haina mfupa. Nyama mbichi, kila gramu mia ina protini gramu ishirini. Hapo una ngapi?"

"Mia. Sikuacha shule kwa sababu ya hesabu, Dada."

"Viazi viwili, karoti mbili, kitunguu, nyanya. Tutie nne kwa hizo zote. Mia na nne. Ikiiva unasaga kila kitu kwenye blenda, unaongeza maji ya moto mpaka vitoke vikombe vinane. Mia na nne gawa kwa nane?"

"Kumi na tatu."

"Basi. Kumi na tatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, sufuria moja siku mbili. Ni gramu hamsini na mbili kila siku, mbali na uji wake wa asubuhi. Hapo mwili hauna ujanja, utaongezeka tu."

"Na kama mwili wenyewe haujasoma diploma?"

Mama akacheka mpaka akakohoa. Mama Gramu naye akatabasamu, akamkabidhi mdogo wake daftari alilolipiga mistari kwa rula: tarehe, vikombe, gramu. Chiriku ataweka alama kwa kila kikombe kilichonywewa. Yeye atapita kila Jumamosi kuleta nyama, kuhesabu alama na kuzidisha kwa kumi na tatu.

Hesabu ilikuwa sawa. Hilo lazima lisemwe. Kwa supu ile ya siku ile, hata mwalimu wake wa chuo asingepata mahali pa kuweka kalamu nyekundu.

Siku ya tisa Chiriku alipiga simu. Mama Gramu alikuwa wodini, mtoto mmoja anatapika maziwa, mwingine mama yake keshafunga virago anataka kumtorosha.

"Dada, Mama hataki supu ya kusaga. Anasema chembechembe zinamkwama, eti anameza mchanga wenye mafuta. Jana sikusaga, nilichuja tu, akanywa yote na kuomba nyingine. Niendelee kuchuja?"

"Chuja. Mradi vikombe vinne vitimie."

"Na nyama niifanyeje? Inabaki yote."

"Kuleni nyie, isiharibike. Chiriku, nina mgonjwa hapa."

Akakata simu, akamnyang'anya yule mama virago vyake. Kwenye daftari haikubadilika hata nukta. Kumi na tatu ikabaki kumi na tatu.

Kumpima Mama kulikuwa na utaratibu wake, kwa kuwa hakuweza kusimama. Shemeji alipanda mizani akiwa amembeba mgongoni, wakasoma. Akamtua, akapanda peke yake, wakasoma tena. Wakatoa. Wiki ya pili Mama alikuwa arobaini na nukta sita. Wiki ya tatu arobaini kamili. Mama Gramu aliandika namba zote tatu, ya wawili, ya shemeji na ya tofauti, kwa sababu alifundishwa kuandika kila kitu. Ndivyo alivyoona, bila kupenda, kwamba Mama anashuka na shemeji anapanda. Sitini na nane. Sitini na nane na nusu. Karibu sabini.

Jumamosi ya nne alimkuta Mama ameegemea mto, macho yameingia ndani.

"Mwanangu, nina njaa," Mama alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu cha gharama.

Mama Gramu akafungua daftari, akageuza kurasa mbele ya mama yake. "Mama, huwezi kuwa na njaa. Ona. Jana vikombe vinne. Juzi vinne. Gramu hamsini na mbili, siku zote. Hata mimi sili hivyo."

"Sawa," Mama alisema. "Labda ni uzee."

Hakurudia tena. Alikuwa mwanamke aliyemsomesha huyu binti mpaka diploma, na aliamini kilichoandikwa.

Wiki ya sita walikwenda kwa daktari. Kilo thelathini na tisa na nukta nne. Mama Gramu aliweka daftari mezani kabla hajaulizwa, na daktari alilisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Alionekana kuvutiwa, na Mama Gramu akajisikia vizuri, jambo ambalo baadaye lilimchoma kuliko mengine.

"Daftari zuri," daktari alisema. "Lakini mtu anayekula hivi hapungui kilo moja na nusu. Vipimo vyake vya damu havina ugonjwa mwingine. Basi ama hiki chakula hakimfikii, ama hakipo." Akaandika kwenye faili. "Nafasi yake nimeitoa. Tuonane wiki ya tatu kutoka leo, kisha tutafute nyingine. Itakuwa baada ya miezi minne, si chini."

Miezi minne ya kubebwa mgongoni. Mama alifuta magurudumu ya kiti kwa ncha ya kitenge, kama kwamba ndiyo yaliyomkosea.

Hakimfikii. Neno hilo lilimkaa Mama Gramu kichwani njia nzima. Jioni ile ile alimpigia simu kaka yao mkubwa, fundi wa majokofu, mtu ambaye akishaambiwa kitu kimeharibika swali lake la pili ni nani alikigusa. Kesho yake, Jumapili mchana, walikuwa wote wawili sebuleni kwa Chiriku, kati ya vitambaa na cherehani. Watoto wawili wa Chiriku walikuwa chini wakicheza na vifungo. Mashavu yao yalikuwa yamejaa, yanang'aa. Mama Gramu aliyatazama kama anavyotazama mashavu ya watoto wodini.

"Chiriku, nakuuliza mara moja. Mama anakunywa vikombe vinne?"

"Vinne. Siku nyingine vitano, akiomba."

"Daftari linasema hivyo. Mizani inasema vingine."

"Sasa mimi nibishane na mizani?"

"Mumeo ameongezeka kilo mbili," Mama Gramu alisema. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo mkononi. "Nimeandika mwenyewe. Watoto wamenona. Ndani ya nyumba hii kila mtu ananenepa isipokuwa mgonjwa. Nisaidie, maana mimi hesabu hii inanishinda."

"Nyama ulisema tule."

"Sizungumzii nyama, nazungumzia vikombe. Alama zinawekwa, vikombe havifiki."

"Unasema tunakunywa supu ya Mama?"

"Nasema kuna watu wazima humu wanakula cha mgonjwa, na wanajaza daftari wasigundulike."

Beseni liliwekwa chini. Shemeji alitoka nje. Kaka akakohoa, akasema jambo lenyewe halina haja ya makelele, Mama ahamie kwa binti yake mkubwa, basi, tuone. Kutoka chumbani Mama aliita kwamba hapana, yeye yuko vizuri, lakini aliita kwa sauti ya mtu asiye na nguvu, na hakuna aliyemjibu. Binti mkubwa wa Chiriku, wa miaka minane, aliacha vifungo akawa anamtazama mama yake. Chiriku alikuwa anakunja nguo za Mama, moja moja, akizipanga ndani ya begi. Hakusema neno mpaka wakaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama Gramu kuusikia ukimya wa nyumba ile, na aliuchukulia kuwa ndio ushahidi.

Nyumbani kwake alipika mwenyewe. Alipima, akachemsha, akauliza Mama anataka vipi.

"Chiriku alikuwa anachuja," Mama alisema.

"Basi nami nitachuja, sikukatazi."

Akaweka chujio juu ya sufuria ndogo, akamimina. Nyama na viazi na karoti vilibaki juu, vinafuka. Supu ilishuka chini, nyepesi, ya rangi ya kahawia, unaona kitako cha sufuria. Nyama aliwapa mume wake na watoto. Mumewe akasema leo kuna raha gani, akaongeza wali. Mama akapewa kikombe, na Mama Gramu akafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika kwa mkono wake: kumi na tatu.

Jumatatu kliniki ilijaa. Mama mmoja kijana aliletwa mezani kwake na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, miguu kama vijiti, nywele zimepauka.

"Unampa nini?" Mama Gramu aliuliza.

"Supu. Kila siku nampa supu ya nyama, sista. Nyama yenyewe hawezi kutafuna, namchujia."

Mama Gramu alikuwa amelisema jibu lake mara elfu. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyotaja namba yake ya simu. "Mwanangu, ukichuja unampa maji yenye rangi. Harufu ya nyama siyo nyama. Protini haiyeyuki ikaingia kwenye maji, inabaki kwenye ile nyama unayoitoa. Kikombe kizima cha hiyo supu hakina hata gramu mbili. Anayekula nyama ndiye..."

"Ndiye nani?" yule mama akauliza.

"Ndiye anayeshiba," Mama Gramu alisema. Kalamu ilikuwa imesimama kwenye karatasi, wino unaenea. "Unaisaga nyama. Unaisaga mara mbili, inakuwa laini. Ngoja. Nipe dakika moja."

Alikwenda stoo ya maziwa ya unga, akafunga mlango, akakaa juu ya boksi. Hakuhitaji kikokotoo. Gramu mbili mara nne. Nane. Kwa siku nzima, nane. Mtoto wa yule mama kijana pale nje alihitaji zaidi ya hapo, na Mama, mzazi wake mwenyewe, alikuwa ameishi nazo wiki tano na uji wa asubuhi. Zile arobaini na nne nyingine alikuwa akiziandika kwenye daftari huku zikiliwa mezani kwa Chiriku, kwa amri yake mwenyewe. Akaikumbuka simu. Akakumbuka kila neno, hata lile la isiharibike. Alijisikia masikio yanawaka moto, akayafunika kwa viganja, akiwa peke yake katikati ya maboksi, mtu mzima wa miaka arobaini na minne.

Na Mama alikuwa amesema ana njaa. Alikuwa amesema, na yeye akamwonyesha kurasa.

Muuguzi akagonga. "Mama Gramu, umejifungia na maziwa yetu? Foleni inalalamika."

"Natoka."

Jioni hiyo alipita dukani, akanunua mayai na maziwa ya unga. Nyama aliisaga mara mbili na siagi kidogo, akaipitisha kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko mpaka ikawa laini kama mtindi. Mama akaonja, akafikiri, akasema hii haina mchanga. Akanywa yote. Saa moja baadaye akalala bila kuomba kitu, na Mama Gramu akasimama mlangoni akimtazama, akijua kwamba sasa hivi anapaswa kumpigia mdogo wake simu.

Hakupiga. Alijiambia atapiga kesho, akiwa ametulia. Kesho alipiga, Chiriku hakupokea, naye akashukuru moyoni kama mwanafunzi aliyekuta mwalimu hayupo. Baada ya hapo akajiambia afadhali aone kwanza kama uzito utapanda, asije akatangaza kosa ambalo si kosa. Huo ulikuwa uongo, na alijua ni uongo, kwa sababu hesabu ile hata Chiriku aliyeacha shule angeifanya.

Uzito ulipanda. Hapo ndipo mambo yalipozidi kuwa mabaya. Kila nukta iliyoongezeka kwa Mama ilikuwa kama inamshitaki Chiriku. Kaka alipiga simu kutoka karakana yake: "Umeona? Wiki moja tu. Mimi nilijua. Na yule bwana anavyojifanya mpole." Mama Gramu alisema, "Tusiharakishe kusema." Kaka akamsifu kwa kuwa na moyo mzuri. Akaiweka simu chini akanawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Chiriku alikuja kila Jumapili kumwona Mama. Alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Alipokaribishwa chai alisema ameshakunywa. Alipokaribishwa maji alisema hana kiu. Jikoni hakukanyaga. Jumapili ya pili, wakati wa kuondoka, aliufungua mkoba mbele ya dada yake, ukaonekana uzi, mkasi na leso.

"Ukague," alisema. "Nisije nikaondoka na kijiko."

"Chiriku, acha hayo."

"Si nyumba ya vipimo hii? Pima."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi, hapakuwa na mtu mwingine. Mama Gramu alihisi maneno yamefika shingoni, na mume wake akaingia na magazeti, na maneno yakarudi chini. Chiriku akaufunga mkoba wake. Zamani njia ya kutoka getini ingemchukua nusu saa kwa maneno ya kuaga. Siku hiyo alifika barabarani kabla geti halijajifunga.

Wiki ya tatu walirudi kwa daktari, watoto wake wote watatu na Mama, kwa kuwa kuna ngazi na Mama hubebwa. Shemeji hakuja. Kaka ndiye aliyembeba, akihema, na Mama akamwambia mume wa Chiriku hubeba vizuri zaidi, hatikisi. Mizani ya hospitali ni ya kiti, haina haja ya kutoa. Arobaini na nukta sita.

"Kilo moja na nukta mbili kwa wiki tatu," daktari alisema, akainua macho. "Sasa hapa nimefurahi. Mmebadilisha nini?"

"Tumebadilisha nyumba tu, daktari," Kaka alisema. Alimnyooshea Chiriku kidevu, Chiriku aliyesimama karibu na dirisha. "Kule alikokuwa alikuwa anapunjwa. Mambo ya kifamilia, yamekwisha."

Chiriku alitazama nje. Hakukuwa na kitu nje, ni ukuta wa stoo. Mama Gramu aliona shingo ya mdogo wake ikijikaza, kama ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Si nyumba," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Kulikuwa na hitilafu kwenye makadirio. Kwenye thamani ya lishe kwa kipimo kimoja, baada ya mabadiliko ya namna ya kuandaa..."

"Dada," Chiriku alisema bila kugeuka. "Sema nielewe."

Mama Gramu akashika mgongo wa kiti. "Chiriku alimpa Mama vikombe vyote. Kila kimoja. Supu ilikuwa imechujwa, na supu ikichujwa haina kitu, ni maji ya moto yenye chumvi. Mimi ndiye niliyemruhusu achuje. Mimi ndiye niliyesema nyama waile wao. Aliniuliza na mimi nikasema kuleni. Halafu nikaendelea kuandika kumi na tatu, kumi na tatu, wiki tano. Ilikuwa mbili. Shemeji alinenepa kwa sababu nilimwambia ale. Mama alikonda kwa sababu yangu, na nafasi ya upasuaji imepotea kwa sababu yangu."

Daktari alianza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Umejua lini?" Kaka aliuliza.

Hilo ndilo aliloliogopa. "Jumatatu. Siku moja baada ya kumchukua Mama."

"Jumatatu ipi? Ya wiki tatu zilizopita?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikawa napiga simu kumtukana mtu, wewe unanisikiliza."

"Ndiyo."

Kaka alitoa kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akasema anakwenda kutafuta mtu wa kumsaidia kubeba, akatoka. Mama alikuwa ameweka mikono yake mapajani.

"Nilikwambia nina njaa," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejikumbusha kwamba hakuwa amechanganyikiwa.

"Uliniambia, Mama."

"Nikadhani ni uzee."

Kwenye korido Chiriku alitangulia, akasimama penye benchi. Mama Gramu alimfuata akiwa na hotuba nzima kichwani, ameanza kuipanga tangu chumbani. Chiriku aliinua mkono kuizuia.

"Mimi usinipe pole sasa hivi, sitaki kuisikia. Nisikilize wewe. Wanangu hawali nyama. Tangu siku ile. Nikiweka mezani, yule mkubwa anauliza kama ni ya Bibi. Nikisema siyo, anampa mdogo wake, yeye anakula viazi. Nimemweleza mpaka nimechoka. Mimi ni mama yake, anadhani najitetea." Sauti ilimkatika, akaikaza. "Wewe ndiye uliyesema mbele yao. Utakuja useme mbele yao. Leo."

"Leo nitakuja."

"Usije na kitu. Usiwaletee biskuti."

Alikwenda mikono mitupu. Saa tisa alikuwa kwenye kile kile chumba cha cherehani, na binti wa Chiriku aliletwa akasimama mbele yake na sare ya shule, soksi moja imeshuka. Mdogo wake alikaa chini ya meza. Chiriku alikuwa jikoni, mlango wazi, akikatakata kitu.

Mama Gramu alikuwa ameongea na mamia ya wazazi. Kwa mtoto huyu mmoja hakujua aanzie wapi. "Siku ile nilisema mmekula chakula cha Bibi," alisema mwishowe. "Hamkula. Kile mlichokula kilikuwa chenu. Mimi ndiye niliyesema mpewe, nikasahau."

Mtoto alifikiri. "Mama mkubwa, wewe si ndiye unayefundisha mambo ya chakula?"

"Ndiyo."

"Na ukakosea ya chakula?"

"Ndiyo."

"Bibi ndiyo maana hakupona?"

Kutoka jikoni kisu kilisimama. Mama Gramu angeweza kutafuta neno laini. Alikuwa na mengi, kazi yake ilimpa mengi. "Ndiyo maana amechelewa kupona," alisema. "Kwa sababu yangu, siyo yenu."

Mtoto akavuta soksi yake juu. "Baba naye umemwambia? Yeye ndiye alikuwa anasema twende kuishi mbali."

Uso wa Mama Gramu ulishuka. Alikuwa amemfikiria Chiriku, Mama, Kaka, daktari, watoto. Yule mtu aliyembeba mama yake kila asubuhi, ambaye yeye alimpandisha mizani kama gunia na kuziandika kilo zake kama ushahidi, hakuwa amemfikiria kabisa.

"Sijamwambia. Yuko wapi?"

"Nyuma. Anaanika nguo."

Akainuka. Alipita jikoni, akapita nyuma ya mdogo wake aliyekuwa ameinamia ubao wa kukatia, akashika kitasa cha mlango wa nyuma na kukivuta. Hakikusogea. Akavuta tena.

"Unasukumwa," Chiriku alisema bila kugeuka. "Unakwama kwa chini. Tia bega."

Mama Gramu akatia bega.